Uzi maalumu: Useremala wa vifaa vya mkono kwa anayejifunzia nyumbani, Nyanda za Juu Kusini

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na walioko Mbeya mjini, Rungwe, Mbozi na Chunya nawasalimu wote.

Kila baada ya muda anaingia mtu humu anauliza: nina kazi yangu nyingine, nataka kujifunza useremala jioni na mwisho wa wiki, nianze na nini? Anajibiwa orodha ya mashine. Mashine ya kuranda, ya kupasulia, ya kutoboa, na jenereta kwa siku ambayo umeme umekatika. Anapiga hesabu, anaona hayamhusu, anaondoka. Inaniuma, kwa sababu sijui sehemu ya nchi hii ambako mtu wa kawaida amewekwa karibu na mbao kuliko sisi. Shamba la miti la Sao Hill liko Mufindi, Mafinga mji mzima unanukia mbao, Njombe kuna paini, milingoti na miwati mpaka juu ya vilima, na upande wetu kuna shamba la Kiwira. Mbao zipo. Kinachotakiwa ni vifaa vichache vya mkono na kujua kuvitunza.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tubishane vizuri: cha kwanza kujifunza ni kunoa. Kabla hujanunua kifaa cha pili, uwe umejua kunoa cha kwanza.

Wengi wanadhani kwa kuwa paini ni laini, patasi yoyote itapita. Ni kinyume chake. Chukua kipande cha paini, tazama kichwa chake pale msumeno ulipokata. Utaona mistari inayopokezana, mmoja mweupe na mpana, mmoja wa kahawia na mwembamba. Ule mweupe ni laini sana, ule wa kahawia ni mgumu. Sasa weka patasi ambayo haijanolewa vizuri, isukume kwa mkono taratibu, ukichonga kichwa hicho. Mstari mgumu utakatika kwa shida. Ule laini hautakatika kabisa: utabonyea, utasagika, halafu utang'oka na kuacha vishimo. Rudia kwenye mninga kwa patasi ile ile na utapata uso unaoridhisha, kwa sababu mninga una nyama iliyoshikana, unasimama imara mbele ya chuma. Paini haisimami. Inataka chuma kikate kabla haijabonyea. Ndiyo maana kijana anayejifunzia paini kwa patasi butu anaamini ana mkono mzito, kumbe mkono hauna tatizo lolote.

Hicho kichwa cha paini ndicho kipimo changu. Patasi ikikichonga kikabaki kinang'aa, mistari yote miwili imekatwa sawasawa bila vumbi wala vishimo, iko tayari. Kile kipimo cha wengine, cha kujaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono, achana nacho.

Namna ya kunoa kwa gharama ndogo. Tafuta kipande cha kioo kinene, hata mabaki kwa mafundi wa madirisha, wakusugulie kingo zisikukate. Juu yake tandika msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia wapaka rangi wa magari. Kama patasi ina mapengo anza na namba 220, kisha 400, 800, 1000, malizia 2000. Weka matone ya maji.

Anza na mgongo wa patasi, ule upande bapa. Ulaze kabisa juu ya msasa na usugue mpaka sentimita mbili za mwisho kuelekea makali zing'ae zote. Kazi hii inachosha, lakini kwa kawaida inafanywa mara moja kwa patasi moja. Usipoifanya hutapata makali hata ukisugua upande wa pili usiku kucha, maana makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mikwaruzo makali nayo yana mikwaruzo.

Kisha geuza upande wa mteremko. Digrii 30 zinatosha kwa patasi ya kazi zote. Huna kipimo cha pembe? Pima unene wa patasi, halafu pima urefu wa mteremko wenyewe. Mteremko ukiwa mara mbili ya unene, hizo ni digrii 30 kamili. Patasi yenye unene wa milimita 4 inataka mteremko wa milimita 8. Ukiwa mfupi kuliko hapo, patasi itasukuma badala ya kukata. Ukiwa mrefu mno, makali yatamomonyoka ukianza kugonga.

Sugua kwenye msasa mmoja mpaka ukipitisha kidole mgongoni, kutoka ndani kwenda nje ya makali, uhisi kikwaruzo chembamba cha chuma kilichojikunja kutoka pembe hadi pembe. Kama hakipo au kipo upande mmoja tu, bado hujafika kwenye makali, usibadilishe msasa. Kikiwepo chote, nenda namba inayofuata. Mwisho laza mgongo mara chache kukiondoa, halafu vuta patasi kinyumenyume juu ya mkanda wa zamani wa ngozi uliogundishwa kwenye ubao.

Vifaa vya kuanzia naona hivi: msumeno mmoja, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, randa moja, skwea (kipimo cha pembe mraba), tepu, nyundo ya mbao, penseli, na kisu kidogo cha kuchorea mistari. Basi. Kwenye randa, ukikuta zile za chuma zenye namba, namba 5 ina urefu wa inchi 14 na ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu inaweza kunyoosha ubao na bado ikalainisha. Namba 4 ni fupi, inafuata mabonde ya ubao badala ya kuyaondoa.

Skwea ipime dukani kabla hujatoa hela. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea, chora mstari kwa penseli iliyochongwa. Igeuze iangalie upande wa pili, chora mstari mwingine kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana kuelekea juu, irudishe, na ujue kosa la skwea ni nusu ya nafasi unayoiona. Muuzaji asiyekubali upime, tafuta mwingine.

Karibuni tuendelee.

Mdau wa Vwawa

Nafuatilia uzi kwa karibu.

Fundi wa Mwanjelwa

Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi ninayekula kwa kazi hii niseme ukweli. Kuranda kwa mkono mbao za kitanda kimoja ni kazi ya siku nzima, na mashine inamaliza wakati unakunywa chai. Mnawafundisha watu kuchoka. Mbao zipelekwe kwenye mashine, zirandwe pande nne, mtu aanze kuunga.

Mleta uzi

Fundi, nashukuru umeingia, uzi bila fundi wa kweli haukamiliki. Kwa anayetengeneza vitanda vya kuuza uko sahihi na sibishani. Mteja hakulipi kwa jasho, anakulipa kwa kitanda.

Hesabu ya mtu ninayemwandikia ni nyingine. Yeye hana mteja. Anatengeneza kigoda kimoja, rafu moja, sanduku la vifaa. Akikodi mashine kila hatua, atajifunza kubeba mbao tu. Kuranda kwa mkono kunamfundisha kusoma ubao: nyuzi zinapanda kuelekea wapi, wapi pana uvimbe, wapi umejipinda. Hayo mashine haimwambii. Na kuna faida ya nyumbani, maana anayeishi nyumba ya kupanga Ilomba au Uyole akiwasha mashine saa mbili usiku majirani watamjia. Randa haiamshi mtoto.

Ila nakubaliana nawe nusu. Mbao ikiwa imetoka msumeno wa porini, upande mmoja nene upande mmoja nyembamba, kuipitisha kwenye mashine mara ya kwanza si dhambi. Imalizie kwa mkono.

Fundi wa Mwanjelwa

Hapo tumeelewana. Basi na mimi nichangie kwenye mkono, kwa sababu ndiko tulikoanzia wote kabla ya umeme wa karakana.

Randa usidhani lazima iwe ya dukani. Mafundi wa zamani walichonga mwili wa randa wenyewe kwa mkongo au mninga, kisu kinabanwa kwa kabari. Ukipata ya namna hiyo kwa fundi anayestaafu, ichukue. Patasi nazo, wahunzi wanafua kutoka springi za magari, chuma kile kinashika makali na hakivunjiki kirahisi. Mimi ya kuchimbia ninayo ya mhunzi na sibadilishani na ya dukani inayong'aa.

Msumeno. Angalia ncha za meno. Zikiwa nyeusi au za bluu wakati msumeno wenyewe ni mweupe, meno hayo yamechomwa kiwandani yawe magumu. Unakata vizuri sana mwanzoni, lakini ukiisha umeisha, maana tupa ya kunolea inateleza juu yake haimegi kitu. Anayejifunza atafute wa meno ya kawaida, na tupa ndogo ya pembe tatu. Meno ya kupasulia, kufuata urefu wa mbao, yananolewa tupa ikiwa imenyooka kabisa kukata msumeno, kila jino linakuwa patasi ndogo. Meno ya kukatia, kukatisha mbao, tupa inalazwa pembeni kidogo, jino linakuwa kisu. Ukitumia wa kupasulia kukatisha paini, upande wa nyuma utachanika nyuzi.

Na kuseti meno: moja kushoto moja kulia, kidogo tu, njia ya msumeno iwe pana kuliko msumeno wenyewe. Mbao mbichi ya Mafinga inataka uyafungue zaidi, la sivyo msumeno unabanwa katikati. Mbao kavu unapunguza.

Mdau wa Mafinga

Kamwene wakuu. Mimi nipo kwenye mbao kila siku, niwasaidie kwenye kuchagua, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia.

Siku hizi mbao nyingi zinatoka mashamba ya watu binafsi, na mkulima akibanwa na ada za shule anakata paini hata haijafika miaka 10. Mti wa umri huo mbao yake ni nyepesi, mistari ya umri iko mbali mbali, na ikikauka inajikunja vibaya. Mti uliokomaa, mistari yake imebanana kuelekea nje. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia uso wa ubao tu. Angalia kichwa. Hesabu mistari ndani ya inchi moja, na kati ya mbao mbili za bei moja chukua yenye mingi.

Pili, ukiona kichwani kuna kile kidoa cha katikati, moyo wa mti, acha huo ubao. Utapasuka hapo hapo. Si kwamba unaweza kupasuka, utapasuka.

Tatu, mbao ya moja kwa nane (inchi 1 kwa inchi 8) ya futi 12 inayouzwa barabarani mara nyingi bado ina maji. Inue. Linganisha na ile iliyokaa chini ya paa. Tofauti ya uzito utaihisi mkononi bila kipimo.

Mlingoti niseme kidogo: ni mgumu na una nguvu, lakini unajisokota na kupasuka wakati wa kukauka. Kwa anayeanza asiuguse kwanza.

Mama wa Makambako

Asanteni kwa uzi, nimejifunza mengi. Mimi ni mama wa nyumbani na nina duka dogo. Nataka nijitengenezee rafu ya jikoni na miiko. Nina maswali mawili. Mbao nikinunua mbichi naikaushaje, maana sina banda? Na kuna mbao za kijani kijani nimeachiwa na waliojenga kwangu, zinafaa?

Mleta uzi

Mama, shikamoo, na karibu sana.

Nianze na la pili kwa sababu linahusu afya. Mbao za kijani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Ukijani unatokana na shaba, na dawa ya aina hiyo iliyozoeleka kwa nguzo na mbao za paa ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Usitengeneze nazo rafu ya kuwekea vyakula, ubao wa kukatia mboga wala mwiko. Vumbi lake usilivute. Na zaidi ya yote vipande vyake visiingie jikoni kama kuni, moshi na majivu yake ni hatari. Zitumie kwenye uzio au banda, kazi za nje ambazo hakuna anayekula juu yake.

La kukausha. Banda si lazima, kivuli chenye upepo kinatosha, hata ukuta wa nyuma wa nyumba chini ya bati. Weka matofali au magogo matatu yaliyo sawa, mbao isiguse udongo. Panga mbao, na kati ya safu moja na nyingine weka vijiti vya unene mmoja, kama robo tatu ya inchi, kila baada ya futi mbili hivi. Vijiti vya safu zote vilaliane wima, kimoja juu ya kingine. Visipolaliana mbao itakauka imepinda kufuata vijiti. Paka rangi nzito au gundi kwenye vichwa vya mbao, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kichwani kuliko ubavuni, na ndiyo chanzo cha mipasuko ya mwisho wa ubao. Juu weka mawe mazito. Jua lisipige moja kwa moja.

Huku kwetu mvua zikikata mwezi wa tano, kuanzia hapo mpaka wa kumi upepo ni mkavu na unafanya kazi hiyo bure. Paini ya inchi moja iliyopangwa mwezi wa sita inakuwa imetulia kabla ya mvua kurudi. Utajuaje? Chukua kipande kimoja kwenye rundo, kipime uzito kwenye mizani yako ya dukani, uandike. Rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefika pale ambapo hewa ya hapo Makambako inaweza kuifikisha.

Miiko usitumie paini, inanuka utomvu na inachubuka. Tafuta mpera. Na kama una jamaa Mbozi, wanapokata mibuni mizee mwambie akuwekee mashina. Ule mti ni mgumu na una nyama nzuri, unatoa miiko na mipini ya patasi ya kudumu. Mwiko uchonge ukiwa mbichi kwa shoka na kisu kikali, uache ukauke taratibu ndani ya mfuko wa karatasi, halafu umalizie. Kisha upake mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto na kuchanganywa na nta ya nyuki kidogo. Ukiupaka mara kwa mara hautakauka ukapasuka.

Mama wa Makambako

Marahaba mwanangu. Zile za kijani nilikuwa nimeshaanza kuzipikia kama kuni, nimezitoa leo hii. Mungu akubariki.

Mwalimu wa Tukuyu

Wakuu, huku kwetu mvua ni nyingi mno, mwaka unapita milimita 2,000, kwa hiyo swali langu linatokana na hali hiyo. Nilitengeneza vigoda wakati wa masika, vikakaza vizuri sana. Ilipofika Agosti miguu yote inacheza, na meza niliyopigilia misumari imepasuka juu katikati. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Tatizo ni nini?

Mleta uzi

Mwalimu, ndaga fijo kwa swali hili. Hapa ndipo penye kiini cha useremala wenyewe, naomba nilijibu kwa urefu.

Mbao haiachi kutembea hata ikiwa imekauka. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, hewa ikikauka inasinyaa. Ila haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu, mbao iliyokomaa karibu haibadiliki. Kwa upana inabadilika sana. Na katika huo upana, kusinyaa kwa kufuata mviringo wa mistari ya umri ni karibu mara mbili ya kusinyaa kutoka moyoni kwenda nje. Ndiyo sababu ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo unajikunja ukingo juu, na nguzo ya duara inapasuka ufa mmoja mrefu.

Sasa meza yako. Uliunganisha mbao za juu zikawa uso mmoja, kisha ukapigilia misumari kwenye mbao za chini zinazokatisha. Uso wa juu ukasinyaa kwa upana, mbao za chini kwa upande huo ni urefu, hazikusogea. Misumari ikashika. Kitu kilibidi kiachie, na mbao ndiyo iliyoachia. Dawa yake ni kuuruhusu uso utembee. Katikati funga kabisa, pembeni toboa tundu refu lenye umbo la yai kwenye mbao ya chini, na skrubu ipite humo ikiwa na nafasi ya kusogea. Au chonga vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa ili iingie mahali pake, ulimi uingie kwenye mfereji ndani ya fremu, na kipande kifungwe kwa skrubu kwenye uso wa juu. Uso utapanuka Machi na kusinyaa Septemba bila kugombana na fremu.

Vigoda navyo ni kanuni ile ile, lakini unaweza kuigeuza ikufanyie kazi. Ulitengeneza ulimi wa mguu ukiwa na unyevu, umevimba. Ulipokauka ukawa mwembamba kuliko tundu. Fanya hivi: ncha za miguu zikaushe kuliko kitu kingine chochote, zitundike juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo zisiungue, kwa siku kadhaa. Kiti chenyewe kiache na unyevu kidogo. Chonga ulimi ukae kwa kubana kwenye tundu, gonga. Baada ya hapo kiti kinakauka na kuukaza ulimi, na ulimi unachukua unyevu na kuvimba ndani ya tundu. Wanabanana wenyewe. Ukitaka uhakika zaidi, pasua ulimi kidogo kabla ya kuingiza, upitishe tundu hadi juu ya kiti, halafu gonga kabari ya mbao ngumu ndani ya ule mpasuo. Angalia jambo moja: kabari ikatishe nyuzi za kiti. Ikilala sambamba na nyuzi itakipasua kiti mikononi mwako.

Na ulimi ukate kwa msumeno, usahihishe kwa patasi. Patasi ile iliyopita mtihani wa kichwa cha paini. Ulimi uliochongwa kwa patasi butu una mashavu yenye vinyweleo. Unaonekana umebana, kumbe kinachobana ni vinyweleo, na vikilala nafasi inabaki.

Fundi wa Mwanjelwa

Hili la kukausha ncha ya mguu juu ya jiko, babu aliyenifundisha alifanya hivyo hivyo na hakuwahi kunieleza sababu. Leo nimeijua. Heshima mkuu.

Niongeze: mnaokosa klampu za kubania viungo, kateni mpira wa tyubu ya baiskeli uwe mikanda mirefu, mfunge kiungo huku mnauvuta. Unabana vizuri kuliko kamba, na hauachi alama kwenye mbao.

Mdau wa Makete

Gundi nyeupe ya mbao huku inanisumbua. Ilivyokauka imekuwa unga mweupe, ukigonga kiungo kinaachia. Kopo jipya kabisa.

Mleta uzi

Uliunganisha mwezi gani, mkuu? Kama ni wa sita au wa saba, jibu ni baridi. Gundi hiyo ni chembe ndogo ndani ya maji. Maji yakiondoka, chembe zinatakiwa zishikane ziwe ngozi moja ngumu. Joto likiwa chini, takribani chini ya digrii 10, hazishikani, zinabaki unga. Si hewa tu inayohusika, mbao yenyewe ikiwa imelala nje usiku wa Makete ni ya baridi hata kama kopo lilikuwa ndani. Ingiza mbao na gundi jikoni tangu jana yake, unganisha mchana, viache ndani mpaka kesho. Kiungo kilichogeuka unga kikwangue chote mpaka mbao safi, usipake juu yake.

Na kwa kuwa tunaongelea kukausha vitu ndani: wanaotumia mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kumalizia kazi, vitambaa mlivyopakia msivikunje na kuvitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikakamae, au kitumbukize kwenye maji.

Kijana wa Iringa mjini

Shikamooni wakubwa. Nina randa namba 4 niliyoachiwa na baba mdogo. Kwenye mbao safi inatoa maranda marefu mazuri. Ikifika kwenye fundo la tawi inang'oa mbao pembeni yake, inaacha mashimo. Nimenoa kama ulivyosema na kichwa cha paini kinang'aa. Sasa nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba kijana. Kama kichwa cha paini kinang'aa, kazi kubwa umeshaimaliza.

Kuzunguka fundo nyuzi zinageuka. Zinapanda kuelekea fundo upande mmoja na kushuka upande wa pili, kwa hiyo ukiranda moja kwa moja lazima mahali fulani utakwenda kinyume chake, na randa itazinyanyua kabla haijazikata. Fungua randa, utoe kisu. Juu yake kuna kipande kingine cha chuma kilichokibana. Kwa kazi ya kawaida ncha yake inakaa milimita moja na nusu nyuma ya makali. Kisogeze mbele mpaka kibaki nusu milimita au pungufu, mstari mwembamba tu wa kisu uonekane. Hicho chuma kinavunja maranda yanayoinuka kabla hayajapata nguvu ya kung'oa mbao. Hakikisha kimekaa juu ya kisu bila mwanya hata wa mwanga kupita, vinginevyo maranda yatajisokomeza hapo. Kikiwa na mwanya, kisugue ncha yake kwenye kile kioo chako.

Kisha punguza kisu kitoke kidogo sana, paka mshumaa chini ya randa iteleze, na uilaze randa mshazari unapoisukuma. Randa kuelekea fundo kutoka upande mmoja, simama juu yake, zunguka ubao, uje kutoka upande wa pili. Fundo lenyewe ni gumu, litapunguza makali haraka, kwa hiyo ubao wenye mafundo mengi noa kabla ya mpito wa mwisho, hata kama unaona bado inakata.

Ikigoma kabisa, chukua kipande cha kioo kilichovunjika au chuma chembamba cha msumeno wa zamani, ukwangue sehemu ile tu, halafu msasa namba 180 ukifuata nyuzi. Utuwekee picha ya maranda tuone unene wake.